Kalenda ya Bwana Kifaru

Hapo zamani za kale, lakini si kale sana, maana waya zilikuwa zimeshafika porini, aliishi Bwana Kifaru, mwenye kampuni ya kutunza chakula. Nyinyi mnaocheka huko nyuma, tulieni. Kicheko kina zamu yake, na leo zamu yake ni fupi.

Bwana Kifaru alikuwa na maghala saba juu ya vilima saba. Humo wanyama waliweka chakula cha kiangazi. Nungunungu mihogo yake, Tumbili karanga zake, na Swala mjane, mama wa watoto wawili, magunia yake mawili ya mtama.

Milango ya maghala haikuwa na kufuli. Iliendeshwa kwa waya kutoka kwenye mtambo mmoja tu, uliokaa ofisini kwa Bwana Kifaru. Ukibonyeza hapa, mlango wa kilima cha mbali unafunguka, ng'waaa! Ukibonyeza tena, pa! umefungwa.

Na mlango wa ofisi yenyewe? Hapo alikaa Bi Kanga juu ya kigoda. Kandege kenyewe miguu kama njiti, sauti kama debe linaloburutwa barabarani.

"Simama hapo hapo! Nani? Umetoka wapi? Fungua mfuko nione!"

Hata Bwana Kifaru hakupona.

"Bi Kanga, kila asubuhi kitambulisho! Si unanijua?"

"Pembe naijua, bwana mkubwa. Kitambulisho sijakiona."

Kifaru alikuwa akicheka, anakitoa, anapita. Siku aliyokuja mama mkwe wake ndiyo hakucheka.

Bibi wa watu kafika na kapu lake, kavaa vizuri, ananukia. "Fungua kapu, mama," akasema Bi Kanga. Likafunguliwa mbele ya wafanyakazi wote. Mlikuwa na gauni la kulalia na chupa ya dawa ya mgongo. Mama mkwe akaketi palepale mlangoni, akaangua kilio, kwi! kwi! kwi!

"Nimepekuliwa kama mwizi! Kwa mkwe wangu mwenyewe!"

Kifaru akatoka mbio, puu! puu! puu! "Bi Kanga, umenivua nguo mbele ya mkwe!"

"Nimefanya kazi uliyonipa, bwana mkubwa."

"Kazi gani? Mtambo una nywila ya herufi arobaini! Nywila haili, hailali, haimpekui mama mkwe. Mlango hauniingizii hata punje. Nenda zako!"

"Bwana mkubwa, nywila inamzuia aliye mbali. Aliyekwisha kaa kwenye kiti cha mtambo, nani atamuuliza?"

Swali la maana hilo. Hata aliyekimbia shule darasa la tano angelijibu. Lakini Kifaru alikuwa na hasira, na mwenye hasira hasikii swali, anasikia kelele tu.

"Nenda!"

Bi Kanga akabeba kigoda chake, akaenda bila kugeuka. Sakafuni zikabaki alama tatu za miguu ya kigoda.

Haikupita wiki, akaja Nguchiro. Kadogo, kepesi, shingoni kamera, begani furushi la kitambaa cheusi. Mlangoni hakuna mtu, basi hodi yake akaipigia katikati ya ofisi.

"Hodi wenyewe! Shikamoo bwana mkubwa!"

"Marahaba. Nani wewe?"

"Mpiga picha za kalenda. Sura yako juu, miezi kumi na miwili chini, imekupigia magoti! Ya Tandala nimeimaliza jana."

Tandala alikuwa mshindani wake, naye pia ana maghala. Kifaru akasimama. "Tandala ana kalenda?"

"Pembe zake zimejaza ukurasa."

"Na hii yangu?"

Nguchiro akarudi nyuma hatua mbili, akashika kiuno. "Loo! Hii itahitaji Januari mpaka Machi!"

Basi, yamekwisha. Pori zima likamiminika uani. Nyati, karani wa mtambo, ndiye pekee aliyesita. "Bosi, niufunge mtambo kwanza?"

"Dakika mbili tu, kaka, jua linakimbia!" Nguchiro akadakia. "Na mlango uacheni wazi, lile bango la jina la kampuni mle ndani lionekane!"

Kifaru akatikisa kichwa kukubali. Kukubali tu, hivi. Baadaye angetamani kile kichwa kingevunjika shingo kabla ya kutikisika.

"Warefu nyuma, wafupi mbele! Nyati, vuta tumbo! Bwana Kifaru, kidevu juu! Sasa wote mfumbe macho. Nikisema tatu mfumbue, yatang'aa kama nyota. Tabasamuni! Moja..."

Wakafumba, majitu yale, meno nje.

"Moja na nusu..."

Furushi jeusi likafunguka. Akachomoka nduguye Nguchiro, tii! akazama mlangoni.

Chwaka!

"Bado bado, hiyo ilikuwa ya majaribio! Mbili..."

Ng'waaa, kilima cha kwanza. Ng'waaa, cha pili. Kifaru macho hana, mnajua, lakini masikio anayo. Akasikia. Mlango wake mwenyewe, atakosaje kuujua?

"Sauti gani hiyo?"

"Radi, bwana mkubwa! Usitikise kidevu, unaharibu pembe!"

Na Kifaru akatulia. Kwa ajili ya pembe, akatulia, mpaka milango yote saba ikaisha. Ukoo mzima wa Nguchiro ulikuwa umejipanga vilimani na vikapu. Wale wa uani "tatu" hawakuisikia kamwe, maana mwenye kuisema alishakwenda zake. Walifumbua wenyewe, shingo zimewauma.

Nyati akakimbilia mtambo. "Bosi, nywila haijaguswa! Herufi zote arobaini zipo!"

Cheka sasa, wewe uliyekuwa na hamu. Cheka, halafu msikilize Swala. Alikuja jioni na watoto wake wawili. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Bwana Kifaru, nilikuachia wewe." Akawashika watoto mikono, akaondoka.

Wiki mbili baadaye, mlangoni likakutwa furushi limefungwa kamba. Kalenda! Nguchiro mwizi, lakini kazi aliyoahidi kaileta. Kifaru akaibandika puani, maana mbali haoni. Wote wamo, wamevuta matumbo, wametabasamu, wamefumba macho. Na nyuma yao, kwenye mlango ulio wazi, mkia mmoja mwembamba unaingia ndani.

Kilichopatikana kiangazi kile, wanyama walikipeleka kwa Tandala. Maghala saba yakabaki ya popo. Mwisho hata Kifaru, na gunia lake moja la viazi, akapanga foleni huko.

"Simama hapo hapo! Nani?"

Kifaru akaijua sauti. "Bi Kanga, ni mimi."

"Mimi wako wengi. Kitambulisho."

Akatoa.

"Fungua gunia."

Akafungua. Juu ya viazi ilikuwapo ile kalenda. Bi Kanga akaitazama, akautazama mkia, akamtazama mwenye pembe.

"Zile alama za kigoda chako," Kifaru akasema, sauti imeshuka, "bado zipo sakafuni. Nimekataza zisisuguliwe. Ukirudi..."

"Kigoda hakina miguu sita, bwana mkubwa, kikae huku na huko." Akaikunja kalenda taratibu, akamrudishia. Jicho lake lilikuwa na unyevu, au pengine ni vumbi la viazi. "Pita. Wenzako wanangoja."

Kifaru akageuka kuwaomba radhi wa nyuma yake. Aliyefuata alikuwa mama mkwe wake, na kapu lake ameshalifungua kabla ya kuambiwa.

Mlango usio na mwenyewe, kila apitaye ni mwenyewe.