Manjonjo ya Kinanda cha Osmund

Wahenga hawakuwahi kuona kinanda cha umeme, lakini waliposema kuwa kimya kingi kina mshindo mkuu, ni kama walimwona Osmund wa Mshangano akija. Walituonya kwamba palipotulia sana pana jambo zito, nalo likitoka hutikisa.

Osmund alikuwa mpiga kinanda wa kwaya kigangoni. Huko alijifunza kuogopa kimya kama njaa, kwa kuwa kinanda kikinyamaza kidogo tu, waumini humgeukia wakidhani amesinzia. Basi kila mwanya wa wimbo aliujaza manjonjo.

Kwa miaka sita alitamani kutunga muziki wa filamu. Hatimaye Sabra, mtengeneza filamu wa Ruhuwiko, akampa nafasi. Katika filamu hiyo, mjane yuko peke yake ndani, na nje mtu anashika kitasa cha mlango. Osmund akamwaga humo milio ya ngoma, filimbi na vinanda vitatu. Majirani wa Sabra walipoonyeshwa, walicheka mpaka machozi yakawatoka.

"Huyu mwizi kaja na bendi?" mmoja aliuliza.

Sabra hakucheka. "Kaka Osmund, tunaonyesha Jumamosi ukumbini. Ukishindwa tena, kazi naipeleka Dar."

Maneno hayo yalimchoma Osmund. Kesho yake, katikati ya mazoezi ya kwaya, umeme ulikatika na kinanda kikazima. Mwalimu Pankrasi aliendelea kuongoza. Kabla ya "Amina" ya mwisho, aliinua mkono akauacha hewani. Hakuna aliyekohoa. Mama aliyekuwa akimbembeleza mtoto aliganda vilevile alivyokuwa. "Amina" ilipolipuka, Osmund alisisimka mwili mzima.

"Mwalimu, pale huwa mnanyamaza siku zote?"

"Siku zote, mwanangu. Wewe ndiye usiyetuachia hicho kimya."

Aibu ikamshika. Alirudi nyumbani akafuta karibu muziki wote wa ile filamu, ingawa roho ilimuuma.

Jumamosi, sauti moja nzito ilimfuata mjane hadi mlangoni, kisha ikakatika. Ukumbini watu waliacha kutafuna karanga. Walisubiri. Wakazidi kusubiri. Kitasa kilipolia, kach! ukumbi mzima ulipiga yowe, na Sabra, aliyeitengeneza filamu kwa mikono yake mwenyewe, alimng'ang'ania Osmund mkono.

"Na filamu ijayo, muziki utatunga wewe," alisema huku akihema.

Hakika, kimya kingi kina mshindo mkuu.