Bi Fuko na Nyumba Isiyo na Kona

Hadithi hiyooo!

— Iacheni ije!

Mnaitikia kama mmelishwa makapi. Hadithi hiyooo!

— Ije, ije!

Ije tamu?

— Ije ilivyo!

Haya. Hapo kale, kale kabisa, hata bibi yangu hajaota meno, chini ya shamba la viazi aliishi fuko mmoja ajuza. Wakimwita Bi Fuko. Fuko mnamjua: macho anayo, lakini ni ya urembo tu, hayaoni.

Nyumba ile aliichimba yeye na marehemu mumewe. Aliijua kwa sharubu na kwa mabega. Jiwe likimkwaruza bega, amefika ghalani. Mzizi ukimgusa pua, amefika kitandani. Na pale udongo ulipokuwa laini, ndipo alipomzika mumewe. Kila asubuhi alipapiga kwa mguu, tu, tu, tu. "Umeamkaje, mzee?" Hajibiwi. Anaenda zake kula.

Basi uzee ukaja. Meno ya kuchimbia yakaisha. Masika moja njia ya ghalani ikaporomoka, akakaa siku mbili bila kula. Jirani yake Bi Buku, yule panya mkubwa wa mashavu, ndiye aliyemtoa, kisha akawapelekea habari wana wa Bi Fuko.

Wakaja wote watatu: Chimbua, Fukua, na dada yao Tifua.

"Mama hawezi kukaa peke yake," akasema Chimbua.

"Watu watatusema," akasema Fukua.

"Twende naye kwangu," akasema Tifua. "Nyumba yangu kubwa, kavu, hata kona haina."

Bi Buku akawaambia, "Wanangu, mama yenu hana shida ya nyumba. Mmoja amletee viazi. Mmoja azibue njia mvua ikipita. Mmoja aje tu wapige soga. Basi. Na mimi nipo."

Wakacheka. "Bi Buku nawe! Kila siku tupande tushuke kama vibarua?"

"Niacheni kwangu," akasema Bi Fuko.

"Mama, sisi tunakupenda," wakasema, wakamkokota. Kupendwa kwa kukokotwa mnakujua? Ngojeni mzeeke.

Kwa Tifua palikuwa pazuri, sisemi uongo. Kuta laini kama ndani ya kibuyu. Wakamwekea viazi, wakatoka kutafuta riziki. Bi Fuko akanyoosha sharubu: hakuna jiwe. Akanyoosha pua: hakuna mzizi. Akazunguka, akazunguka, hata kitanda asijue kiko wapi. Waliporudi walimkuta katikati ya ukumbi, ameketi juu ya mkojo wake.

"Nirudisheni kwangu," akasema. "Kwangu nilikuwa naona."

"Mama, wewe hujaona tangu uzaliwe."

"Kwangu nilikuwa naona."

"Utazoea."

Siku ya pili viazi vilikuwa hatua tano kutoka alipoketi. Hakuvipata. Akalala na njaa ndani ya nyumba yenye chakula.

"Nirudisheni kwangu. Kwangu nilikuwa naona."

"Utazoea, mama."

Siku ya tatu hakuomba. Walipotoka, aliunusa ukuta wote, polepole, mpaka akaupata upande wa kwao. Akaanza kuchimba. Kwa meno gani? Kwa fizi! Mama yenu akichimba ukuta kwa fizi, jueni hatafuti viazi.

Waliporudi walimkuta amekufa. Kichwa kimo ndani ya tundu alilochimba. Tundu lenyewe shubiri moja tu. Lilielekea nyumbani.

Wakalia hao! Wakambeba, wakamrudisha, wakamzika kando ya mumewe. Na njia ile ya vibarua, siku hiyo waliipanda na kuishuka mara saba na hakuna aliyelalamikia mgongo. Viazi vya matanga vilijaa hadi mlangoni.

Tifua akamwendea Bi Buku, machozi yanamtiririka. "Bi Buku, mimi nilimpa nyumba nzuri kuliko zote. Ningemfanyia nini tena?"

Bi Buku alikuwa akimenya viazi vya wafiwa. Hakuinua uso.

"Nilikwambia akiwa hai," akasema. "Leo hata nikikwambia, utamfanyia nani?"

Tifua akasimama pale. Akangoja aambiwe neno jingine. Bi Buku akachukua kiazi kingine, akamenya.

Fundisho lake hili, na msijifanye hamkusikia: ajuza hahamishwi kama kuku. Usimng'oe mzee kwake kwa kuogopa midomo ya watu. Mfuate alipo, mkono wako umfikie mlangoni pake. Na kama huwezi kumpelekea kiazi kimoja akiwa hai, usimpelekee gunia akifa, maana hatakula.

Hadithi yangu imefika ukingoni. Ikiwa nzuri, ichukueni yote. Ikiwa mbaya, nanyi mlioisikiliza mna fungu lenu humo.