Vikombe vya Bibi Sughra

Wamepokezana wasimulizi wa habari za waja wema kwamba katika mji mmoja wa Bara Hindi, kando ya mto mpana wenye maji ya rangi ya majani makavu, aliishi mpishi wa vitu vitamu aliyeitwa Karamati. Alikuwa mcha Mungu, mpole wa maneno, na sokoni alijulikana kwa kitu kimoja tu, nacho ni firni. Kila siku baada ya sala ya alfajiri aliinjika maziwa, akayakoroga kwa mwiko mrefu pamoja na mchele uliosagwa, sukari na iliki, mpaka yakawa mazito. Kisha aliyamimina katika vikombe vidogo vya udongo na kuvipanga kivulini vipoe.

Udongo wa vikombe vile haukupakwa kitu cha kuung'arisha. Ulifyonza maji ya maziwa polepole, firni ikashikana na kuchukua harufu ya ardhi iliyonyeshewa. Watu wa mji ule walisema kwamba mwenye kula firni ya Karamati katika mwezi wa joto huhisi kana kwamba mvua imepita mahali pa karibu, ila hajui ni wapi.

Vikombe vilifinyangwa na mkewe, Bibi Sughra, binti wa ukoo wa wafinyanzi. Kila alipomaliza kimoja alikibonyeza ndani, chini kabisa, kwa kidole gumba cha mkono wa kushoto. Kidole hicho kilikuwa na kovu la utotoni, jembamba kama unywele. Kwa hiyo kila kikombe kilibaki na alama ya kidole iliyokatwa na mstari mmoja, na mlaji hakuiona mpaka afikie kijiko cha mwisho.

Desturi yao ilikuwa hivi. Aliyemaliza kula alikipiga kikombe chini, mbele ya duka, kikavunjika, akasema Alhamdulillahi, akaenda zake. Hakuna aliyekula katika kikombe alichokwisha kulia mwenzake. Siku moja mgeni alimuuliza Bibi Sughra kama haimuumi kuona kazi ya mikono yake ikigeuka vigae kila siku.

Akajibu, "Ningeumia kama ungenirudishia. Kikombe kizima ni kazi ambayo bado haijaisha."

Kisha Bibi Sughra akashikwa na homa katika majira ya baridi. Siku ya tatu akaitikia mwito wa Mola wake.

Karamati hakupandisha sauti wala hakukosa sala ya jamaa. Aliendelea kuamka wakati uleule na kukoroga maziwa yaleyale. Mkewe alikuwa ameacha ghala limejaa vikombe, na kila asubuhi alichukua vya kutosha siku hiyo. Ikawa hivyo mpaka asubuhi moja alipoingiza mkono ghalani ukagusa ukuta wa nyuma. Alivitoa vilivyobaki akavipanga sakafuni. Vilikuwa arobaini na kimoja.

Alikaa mbele yake muda mrefu, maziwa yakaungua jikoni kwa mara ya kwanza katika maisha yake.

Kimoja alikiweka juu ya rafu, hakijawahi kutiwa kitu. Arobaini alivipeleka dukani, na kuanzia siku hiyo aliwaomba wateja wasivunje. Angeweza kuvihifadhi vyote nyumbani na kununua vingine, lakini alipenda kuiona ile alama ikijitokeza chini ya firni kila mtu amalizapo, kana kwamba mwenyewe yuko nyuma ya pazia na ameligusa kidogo.

Wateja walishangaa. Alikuwapo mkunga mmoja mzee, Bibi Hajra, ambaye alikula firni kila Ijumaa na hakuwa mtu wa kumeza neno lake.

"Bwana Karamati," alisema, akiwa ameshakiinua kikombe juu, "unaniambia nikurudishie? Mimi nimevunja vikombe mbele ya duka hili tangu baba yako akiwa hai. Firni bila kuvunja kikombe ni kama sala bila salamu. Mtu anabaki amekaa tu, hajui aondoke ama aendelee."

"Nivumilie, Bibi. Ni vya marehemu."

Bibi Hajra alimtazama, akakishusha kikombe taratibu juu ya meza. Pembeni alisimama Ramzani, muuza maziwa ya nyati wa kufugwa, mtu wa mizaha isiyokwisha. Naye akadakia, "Mrudishie, Bibi, mrudishie! Leo anadai kikombe. Kesho atatudai na utamu tuliokwisha kuumeza."

Watu wakacheka, na Karamati akatabasamu. Jioni aliviosha vikombe kwa jivu na maji ya moto, mara tatu kila kimoja, akianza kwa Bismillahi. Alivikausha juani na kuvifunika kwa kitambaa cheupe. Kwa macho vilikuwa safi, na moyo wake ulitulia.

Ukaingia mwezi wa joto. Vumbi lilisimama hewani juu ya soko kama kitu kilichosahau kuanguka. Ijumaa moja watu walitoka msikitini wakala firni, na kabla ya Jumamosi kupambazuka wengi wao walikuwa hawajiwezi kwa kutapika na kuharisha. Bibi Hajra alikuwa miongoni mwao, na siku mbili hakumtambua binti yake.

Msimamizi wa soko alianza kuuliza, na macho ya watu yakamwendea Ramzani. Kwa miaka mingi Ramzani alikuwa akiwachekesha wanunuzi kwa kusema, "Nyati wangu anapenda sana kuoga mtoni, ndiyo maana maziwa yake huja na maji yake." Kila mtu alikuwa ameusikia mzaha ule na kila mtu aliwahi kuucheka. Sasa waliurudia mbele ya kadhi kama ushahidi.

Kadhi wa mji, Maulana Inayat, alimwita Karamati akamuuliza, "Maziwa ya Ijumaa yalikuwaje?"

"Yalikuwa kama siku zote, ya Kadhi," alijibu. Neno hilo lilikuwa kweli.

Kadhi akasema, "Basi mtu huyu atakaa kifungoni mpaka Ijumaa. Asipopatikana wa kumsafisha, atazungushwa sokoni juu ya punda, uso umegeuzwa nyuma, na hatauza maziwa tena katika mji huu."

Askari wakamfunga Ramzani mikono. Alipopita mbele ya Karamati alimtazama kwa namna ya mtu anayesubiri rafiki yake akumbuke jambo.

Karamati akarudi nyumbani. Aliiambia nafsi yake kwamba amejibu alichoulizwa, na kwamba vikombe vimeoshwa mara tatu. Aliyasema haya mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Siku ya Jumatano, baada ya adhuhuri, alijilaza katika usingizi wa mchana kama ilivyokuwa ada yake. Akaota yuko uani, na mwanga wa uani ulikuwa mweupe kama maziwa kabla hayajachemka. Bibi Sughra alikuwa ameketi mahali pake pa siku zote, udongo ukiwa mbichi mikononi. Hakuonekana kama mtu aliyerudi kutoka mbali. Alionekana kama mtu ambaye hakuondoka.

"Nina kiu, Bwana Karamati," alisema.

Karamati akafurahi kwa kupata la kumfanyia. Alichota maji katika kimoja cha vikombe vile arobaini, akampelekea kwa mikono miwili. Bibi Sughra alikipokea, akakisogeza karibu na uso, kisha akakiweka chini bila kunywa.

"Kimekwisha kunywa hiki," alisema. "Udongo hausahau, mume wangu. Wewe wautaka kwa sababu hiyo, na ubaya wake ni huohuo." Kisha akarudi kwenye kazi yake, akabonyeza kidole gumba katika udongo, na Karamati akaamka.

Alibaki amelala akizitazama boriti za dari. Baadaye aliinuka, akachemsha maji, akayaacha yapoe. Sehemu moja aliyatia katika bakuli la shaba, nyingine katika kikombe kilichooshwa, akavifunika vyote viwili kwa kitambaa kimoja na kuviweka mahali pamoja. Ndoto peke yake si hoja, naye hakutaka kumhukumu mtu kwa ndoto, hata kama mtu huyo ni yeye mwenyewe.

Alhamisi, saa ileile, alifunua. Maji ya bakuli la shaba hayakuwa na harufu. Maji ya kikombe yalinuka maziwa yaliyochacha, na juu yake palitanda utando mwembamba. Alipokiinamisha kikombe mwangani aliona ile alama ya kidole chini ya maji yale, wazi kabisa.

Alifahamu kwamba kila firni ya kila siku ilikuwa imeacha kitu ndani ya udongo, mahali ambapo jivu na maji ya moto havifiki. Alifahamu pia kwamba akinyamaza mpaka kesho, Ramzani atapandishwa punda, nyati atauzwa, na vikombe vitabaki. Hakuna aliyejua ila yeye na Mola wake.

Alivipakia vikombe katika kapu, akavifunika kwa kitambaa cheupe, akaenda kwa kadhi.

Alimweleza yote, akamsogezea kile kikombe chenye maji. Maulana Inayat alikinusa, akageuza uso.

"Kwa nini hukusema siku ile?"

"Sikujua, ya Kadhi." Karamati akajisahihisha, "La. Niliogopa kujua."

"Uliogopa adhabu?"

"Niliogopa dawa yake."

Kadhi aliyamwaga maji, akachungulia ndani ya kikombe. "Hii alama ni ya nani?"

"Ni ya mke wangu. Hakuna vingine."

Kadhi alikirudisha kikombe kapuni taratibu. Kisha, kwa sauti ambayo waliokuwapo walisema haikuwa ya hukumu, akaamuru Ramzani afunguliwe. Akaamuru Karamati apite mlango kwa mlango kuomba radhi kwa kila aliyeugua, na afunge duka mpaka wa mwisho wao apone. Na vikombe vivunjwe. Askari mmoja akainama kulichukua kapu.

"Niachie," Karamati akasema. "Desturi ni kwamba huvunja aliyefaidi."

Akatoka uani akavivunja kimoja kimoja, na kwa kila kimoja akasema Alhamdulillahi. Sauti yake ilikuwa sawa mpaka vilipobaki vichache. Hapo ilikatika, akasimama na kikombe mkononi. Ramzani, aliyekuwa amefunguliwa punde tu na bado anajisugua vifundo vya mikono, alikuja akasimama kando yake.

"Siku tano sijafanya mzaha," alisema kwa upole. "Mke wangu anasema hajapata kupumzika hivyo tangu aolewe."

Karamati akacheka, na katika kucheka huko machozi yakamshuka, ambayo hayakuwa yameshuka tangu siku ya mazishi. Akamaliza vilivyobaki.

Alipofika mlangoni kwa Bibi Hajra alimkuta amelazwa ukumbini, amekonda, lakini ulimi wake umeshapona.

"Nilikuambia," alisema. "Sala bila salamu."

"Uliniambia, Bibi. Nisamehe."

"Nimesamehe. Fungua duka upesi, nimechoka na uji."

Allah akawarehemu, hakufa hata mmoja. Baada ya wiki tatu Karamati akafungua duka, na vikombe vipya vilitoka kwa binamu ya mkewe. Vilikuwa vizuri, ila chini havikuwa na alama. Asubuhi ile alikitoa rafuni kile kimoja ambacho hakijawahi kutiwa kitu. Alikitia firni, akaisubiri ishikane, akampelekea Ramzani mbele ya watu, Bibi Hajra akiwa miongoni mwao.

Ramzani alikula taratibu kuliko ilivyokuwa kawaida yake. Alipofikia kijiko cha mwisho aliona kidole kile na mstari wake, akakielewa kilichokuwa mkononi mwake. Akanyoosha mkono kukirudisha.

"Ndugu yangu, hiki nacho?"

"Hicho hasa," Karamati akasema. "Kimalize."

Ramzani akamtazama Bibi Hajra, naye akatikisa kichwa kukubali. Kikombe kikapiga jiwe la mbele ya duka, mlio wake ukawa mdogo, mkavu, na harufu ya mvua ikapanda pale chini mara moja tu. Ramzani akasema Alhamdulillahi. Na Karamati, akiwa ameinamia sufuria yake, akasikika akiitikia polepole, "Waalaykumus salaam," kama mtu aliyeagwa kutoka chumba cha pili.

Enyi ndugu, wengi wetu tuna rafu nyumbani, na juu yake kuna kitu cha aliyetutangulia. Si kosa kukiweka. Lakini tusiwalishe watu wengine katika huzuni yetu bila wao kujua, wala tusimwache asiye na hatia abebe uzito wa kile tunachoogopa kukipoteza. Wanaosimulia kisa hiki husema kwamba Karamati aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kila siku alifagia mwenyewe vigae vya mbele ya duka lake, asimwachie mtu mwingine kazi hiyo. Allah amrehemu, na amrehemu Bibi Sughra, na awakutanishe mahali ambapo vikombe havichakai.