Mabuti ya Sultani Asiyepimwa Mguu

Palikuwa na sultani mmoja, Hilali bin Twaha, mnene, mwenye hasira za karibu, aliyependa kuwinda milimani kuliko alivyopenda kutawala. Lakini kupenda si kuweza, jamani. Alipanda na makubadhi, akateleza, akashuka genge zima kwa makalio, na kulungu kasimama pembeni anamtazama. Aibu gani ile!

Akaagiza mabuti. Sasa sikilizeni kasheshe ilipo. Kwao, mguu wa sultani hauonwi na raia, haushikwi wala haupimwi. Watu wanamwamkia "Shikamoo, Maulana" kutwa kucha, na atakayeishika kweli hiyo miguu anakatwa mkono. Fundi wa kwanza akashona kwa kukisia. Mabuti yakabana. Adhabu yake? Alimbeba sultani mgongoni kwa mbeleko, kama mtoto mchanga, mawindo yote ya mwaka ule. Mpaka leo ukimwona sokoni utadhani anatafuta sindano iliyoanguka.

Wa pili kuitwa alikuwa Mbaruku, fundi viatu wa uchochoroni. Maskini wa kutupwa, lakini ulimi! Ulimi ule ungeweza kukata ngozi bila kisu.

"Shikamoo, Maulana."

"Marahaba. Nataka mabuti ya mlimani. Ngozi ngumu, mawe yasiipasue. Tena laini, nisitoke hata lengelenge moja."

"Ngumu na laini?"

"Ngumu na laini!"

"Maulana, unaagiza mabuti au unachagua mke?"

Baraza zima likakohoa ili lisicheke. Sultani akakunja uso.

"Ngozi ngumu hulainishwa na mguu," Mbaruku akaendelea. "Mruhusu mtu ayavae kwanza, apande nayo mlima mpaka yakubali."

"Binadamu atie mguu wake ndani ya buti langu? Nitamnyonga!"

"Binadamu yeyote?"

"Yeyote!"

"Hata Waziri?"

"Hata Waziri!"

Waziri akaivuta miguu yake chini ya kiti, taratibu.

"Basi nipe kipimo, Maulana."

"Mguu wangu haupimwi!"

"Nipime wa nani?"

"Shauri yako! Yakibana, mbeleko inakusubiri."

Mbaruku akarudi kwake anatweta kana kwamba ameshambeba. Mgongo wake ulikuwa mbovu tangu ujana. Kumpandisha sultani yule mlimani, hata kilima cha kwanza asingekimaliza akiwa hai. Aliogopa, nisiwafiche. Aliketi uani akiwa ameshika tama, akainua macho, akamwona punda wake, jina lake Tausi. Tausi naye akamtazama.

"Wewe," Mbaruku akasema, "si binadamu."

Akaizungushia kwato vitambaa mpaka ikawa nene na mviringo kama bumunda. Akapima. Akakata ngozi ya nyati, akashona soli mara mbili, akapigilia misumari chini isiteleze, akapandisha shingo ya buti juu ili kifundo kisiteguke, akapaka mafuta ya kondoo maji yasipenye. Akatengeneza pea mbili, maana punda ana miguu minne, na ukimvisha miwili tu anatembea kama mlevi.

Basi kila kukicha, mvua isinyeshe, mvua inyeshe, Mbaruku na Tausi mlimani! Punda kabeba magunia ya mawe, kavaa mabuti, anapiga mateke, anapiga kelele. Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu.

"Makubwa! Punda ana mabuti, na watoto wa Mbaruku pekupeku!"

Mbaruku hakujibu, na kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa kazi kubwa kuliko kushona. Hata ikafika siku Tausi akapanda na kushuka bila teke wala kelele. Mbaruku akajua mabuti hayabani tena. Akachukua pea ya miguu ya mbele, ile pana, akaisafisha, akaing'arisha, akaipeleka kwa sultani.

Sultani akayavalia nyuma ya pazia, akapanda mlima. Jioni ile ile akarudi na kulungu wake, miguu haina hata mchubuko. Akaingia barazani anacheza, tumbo likitangulia.

"Wallahi nawaapia nyote! Tangu nizaliwe kiatu hakijanikaa hivi! Aliyepimwa mabuti haya mguu wake ndio huu huu wangu. Hauzidi, haupungui. Huo ni mguu wa kifalme!"

Watu wakaitikia, "Wa kifalme, Maulana!"

Waziri, wivu ukimchoma, akainama. "Muulize basi, Maulana, alimpima nani."

"Ehe, Mbaruku! Ulimpima nani?"

"Tausi, Maulana."

"Tausi binti wa sultani gani?"

"Si binti wa sultani. Ni punda wangu."

Sultani akawa mwekundu, kisha mweusi, kisha rangi nisiyoijua mimi.

"Umemvisha punda mabuti yangu!"

"Ulikataza binadamu, Maulana. Tausi nimemchunguza sana, si binadamu."

"Lete mbeleko!"

"Mbeleko ni ya mabuti yanayobana. Yanabana?"

Sultani akawatazama watu. Watu wote wakawa wanamtazama yeye, na kiapo bado kinawalia masikioni.

"Hayabani," akasema, sauti ndogo kama ya mwari. Halafu akalipuka. "Lakini umenitukana! Unathubutu kusema mguu wangu ni wa punda?"

"Astaghfirullahi, Maulana! Mimi ninaoujua ni wa punda tu. Aliyekula kiapo kwamba ni huo huo ni wewe."