Waaminifu wa Mtemi na Kihenge cha Nyanzobe

Sogeeni, wajukuu zangu, na wewe unayemfinya mwenzako acha. Enzi hizo, babu wa babu yangu hajaota hata jino, ndugu wawili waligombania kiti cha utemi. Wakapigana, wakapigana, mpaka mkubwa, Lugendo, akashinda na mdogo akakimbilia mbali.

Watu wakimaliza vita hufanya nini? Hulima. Lugendo hakulima. Alikusanya vijana waliokuwa upande wake, akawavika manyoya ya mbuni, akawaita Waaminifu. Kazi yao ilikuwa kuzunguka vijijini na kuchoma vihenge vya wote waliomfuata mdogo wake. Mkuu wao, Mihambo, alikuwa kifua mbele, manyoya mengi kuliko akili.

Sasa, ukoo wa Nyuki ulikuwa umemfuata yule mdogo. Huko aliishi bibi mmoja, Nyanzobe, mwenye wajukuu tele, walafi kama nyinyi. Kihenge chake kilijaa mtama wa mwaka mzima. Kingeungua, wale watoto wasingefika masika. Aliposikia Waaminifu wanakuja, alitoka mbio mpaka ukingoni mwa ua. Akachungulia njiani, akamtambua Mihambo, akacheka peke yake.

Mbona anacheka? Mihambo na vijana wake walikuwa wa ukoo wa Moshi, na Moshi na Nyuki ni watani. Mtani wa siku zile alikutukana ukacheka, alichukua kuku wako ukamshukuru. Lakini Nyuki akifiwa, ni Moshi anayechota maji, anayepasua kuni, anayepika, mpaka matanga yaishe. Akikwepa, siku yake ikifika hapati wa kumzika.

Waaminifu wakaingia na vijinga vya moto. Nyanzobe akajitupa chini katikati ya ua, akaangua kilio cha msiba, na wanawake wote wa Nyuki wakaitikia. Mihambo akasimama, akauliza kwa upole amekufa nani.

"Vita," akasema Nyanzobe. "Vimefia hapa uani kwangu, mtani. Mtungi wa maji ule pale."

Mihambo akabisha kwamba vita haviwekewi matanga, na kwamba yeye katumwa na Mtemi. Nyanzobe akazidisha kilio. Nyuma, kijana mmoja akaegemeza mkuki ukutani, mwingine akauliza shoka liko wapi. Mazoea ni mazoea! Punde vijinga vile vikawasha mafiga, na Mihambo mwenyewe akawa njiani kwenda kisimani, mtungi begani.

Lugendo akauona moshi toka kilimani, akafurahi, akashuka autazame ushindi wake. Akawakuta Waaminifu wanasonga ugali, manyoya yamejaa unga. Akafoka.

Nyanzobe akapiga magoti mbele yake. "Mtemi, hata wewe ni Moshi," akasema, "na umechelewa msibani. Kuni zimepungua."

Lugendo akatazama kihenge, akatazama watoto wamekodolea chungu macho. Kicheko kikamtoka, akapokea shoka.

Matanga yalipoisha wakanyolewa vichwa pamoja, kama ilivyo desturi, washindi na walioshindwa. Upara mtupu! Ukiwatazama, hukujua nani alikuwa upande gani.

Basi wanangu, mkigombana, ulilieni ugomvi wenu, mle, myamalize. Kisa nimekifikisha kwao, kimevua viatu. Nendeni mkanywe uji.