Kikapu Kilichosema Redioni

Hapo zamani, si zamani sana maana redio zilikwishafika, aliishi mjane mmoja katika milima ya Upare, jina lake Nakiete, mkulima wa tangawizi. Chama cha wakulima kikapitisha amri: katika kila vikapu kumi, kimoja ni cha kulipia tangazo redioni. Asiyetoa, mzigo wake haupimwi.

Nakiete akatoa. Siku moja akalisikia tangazo lenyewe: "Tangawizi ya mlimani! Yote nyeupe, yote safi, yote ni moja!"

Akaizima redio. Yake ilikuwa na rangi ya udongo, wala hakuionea aibu. Na alijua kuwa jirani yake, Eliamani, huiloweka yake kwenye dawa ya kung'arishia nguo.

Akamwendea mwenyekiti, Mzee Senkondo. "Mwenyekiti, kikapu changu kinasema uongo redioni. Si yote safi, na wewe unajua."

"Mama, kabla ya tangazo tangawizi yako ilikuwa ikiozea ghalani. Leo malori yanapanga foleni. Unataka kula na wenzako bila kuchangia?"

"Kuchangia sijakataa. Chukueni kikapu mtengeneze barabara. Ila maneno nisiyoyaamini siyalipii."

Msimu ule hakutoa. Msimu ule hakupimiwa. Tangawizi ikaota ukungu uani, naye akawa anaigeuzageuza kila asubuhi kama anayeuguza mtu. Ilipobaki ya kutupwa, akashuka gulioni, akasimama mbele ya wanunuzi.

"Mnaambiwa yote ni safi. Si kweli! Nyingine imelowekwa dawa. Nuseni wenyewe!"

Wakanusa. Malori yakarudi mjini matupu. Haikupita wiki, mlima mzima ukanuka uozo, na hata wasiowahi kuigusa dawa wakamwaga mavuno yao korongoni.

Wakakutana ofisini kwa chama.

Mzee Senkondo akasema, "Mimi niliwaletea soko. Aliyelivunja ni yeye."

Eliamani akasema huku analia, "Wanunuzi walinirudishia mzigo, eti si nyeupe kama ya redioni. Ningefanyaje na udongo wangu mwekundu? Na wewe dada, ulijua. Mbona hukuja nyumbani kwangu, ukaenda kunianika gulioni?"

Nakiete akasema, "Nilimwambia mwenyekiti, hakunisikia. Redio mliilipia kwa jasho langu, ikasema yenu. Nilibakiwa na mdomo tu."

Kikao kikaamua shamba la mmoja wa hao watatu liuzwe, ili waliomwaga mavuno wapate chakula. Hapo macho ya watu yakamgeukia Nakiete, kwa kuwa hakuwa na mume wala kaka wa kumtetea mle ndani.

Haya, ninyi mlionisikiliza: mwenyekiti aliyemlipisha mtu maneno asiyoyaamini, jirani aliyeloweka dawa, na mjane aliyesema kweli ikawaangukia wasio na kosa. Mngeuza shamba la nani?