Nyigu wa Nyuma ya Gereji

Wengi wakisikia kwamba dawa ya moto ni moto hudhani methali hiyo ilitungiwa wagomvi: ukitukanwa tukana, ukisukumwa sukuma. Lakini ina maana nyingine iliyo tulivu zaidi. Wako maadui wasioondoka mpaka wakutane na wa jinsi yao. Mjane wa fundi saa aliijulia maana hiyo chini ya mitende ya marehemu mumewe.

Fundi saa alikuwa mtu wa maneno machache. Alipenda saa za watu, mkewe, na mitende aliyoipanda uani kwa mkono wake. Alipofariki, waombolezaji walijaa chini ya mitende hiyo kama siafu. Mdogo wake, aliyeitwa Kipaza kwa kuwa hakujua kunong'ona, hakutaka wageni wa kaka yake wasumbuliwe na wadudu. Akakodi bomba, akainyunyizia mitende dawa kuanzia shina hadi kilele. Hata msiba ulipokwisha aliendelea kunyunyizia kila mwezi, kwa heshima ya kaka.

Msimu uliofuata, tende changa zilipata rangi ya kutu, zikakauka, zikaanguka. Ndani yake mlikuwa na viwavi wa nondo.

"Mitende imemfuata mwenyewe," Kipaza alitangaza, na jirani wa tatu akasikia. "Shemeji, tusidanganyane. Tende zikianguka tena mwakani, tunaikata, tunajenga vyumba."

Mjane hakubisha. Vyumba vilikuwa wazo zuri. Ila kila asubuhi alipofagia uani, mitende ile ndiyo pekee iliyobaki kumpokea, na bila hiyo hakujua angefagia kwa ajili ya nani.

Mwaka ulizunguka. Tende changa zilipoanza tena kukauka, alimwita bwana shamba, naye akapasua moja na kuitazama.

"Mama, mlipiga dawa?"

"Tena sana, mwanangu. Shemeji yangu aliipiga kama anayepaka nyumba rangi."

"Basi ndiyo maana. Kiwavi yuko ndani, kajifungia mlango. Dawa humpata anayezunguka nje, na anayezunguka nje ni nyigu mdogo anayemla kiwavi. Mmemuua askari, mwizi mkamwachia chumba. Hakuna mtende hapa karibu usiotunzwa na mtu? Tende zinazoanguka huko bado zina nyigu ndani."

Ulikuwapo mmoja nyuma ya gereji, kati ya matairi mabovu. Mjane akaenda na ndoo, akaokota tende zilizoanguka.

"Mama, hizo hata mbuzi anazikataa!" mafundi wa magari walimtania.

"Mbuzi naye anajua nini?" akajibu, nao wakaangua kicheko.

Alizimwaga kwenye makasha, akayafunika kwa chandarua kama alivyoelekezwa, akayaning'iniza mitendeni. Nondo hawezi kupenya kwenye matundu ya chandarua. Nyigu, mwembamba kama uzi, hupenya. Siku moja akachukua lenzi ya jichoni aliyoitumia mumewe, akachungulia. Kiwavi alikuwa amenywea kama puto lililotoboka, na ubavuni pake pana vifuko vyeupe vya nyigu. Juu ya chandarua nyigu mmoja, mdogo kuliko mshale wa sekunde, alijipangusa mabawa, kisha akaruka kuelekea kwenye vichala. Mjane alijikuta akitabasamu peke yake.

Ndipo Kipaza alipoingia na bomba mgongoni.

"Shemeji! Watu wanafukuza wadudu, wewe unawafuga?"

"Nawafuga."

"Makubwa! Hebu sogea nifanye kazi."

Mjane aliegemea shina. "Ukiwaua hawa sina wengine. Niachie mpaka tende ziive."

"Na zikianguka?"

"Zikianguka, shoka nitakunolea mwenyewe."

Kipaza alimkazia macho. Tangu msibani hakuwahi kumsikia akisema kwa nguvu namna hiyo. Akalitua bomba. "Haya. Lakini wazimu wa wapole ndio mbaya," alinung'unika, kwa sauti iliyofika barabarani.

Tangu hapo, kila alipopita aliinama kuokota tende zilizoanguka, akamwonyesha shemeji yake huku akitikisa kichwa. Zikapungua. Mwishowe akawa anainama bure. Vichala viligeuka manjano, vikawa vizito hata wakalazimika kuvitegemeza kwa miti.

Siku ya mavuno Kipaza alipasua tende kwa ukucha akitafuta kiwavi. Hakumwona. Akapasua ya pili, na ya tatu. Ya nne aliitia mdomoni nzima.

"Kaka alizipenda zikiwa bado ngumu kidogo," alisema, safari hii polepole.

"Eeh. Alikuwa akisema zikilainika mno hazina ubishi."

"Yeye mwenyewe alikuwa na ubishi gani?"

Wakacheka wote wawili, wakaendelea kushusha vichala hadi makapu yakajaa. Habari ya vyumba haikutajwa tena. Nondo aliyelishinda bomba la dawa alishindwa na mdudu mwenzake. Ama kweli, dawa ya moto ni moto.